Mwembamba mwenye kisukari: apungue tena au aongezewe chakula?

Kuna swali ambalo kwa wengi wetu tunaoishi hapa Birmingham, na hata kwa ndugu zetu walioko nyumbani, linasikika kama mzaha: je, mtu ambaye tayari ni mwembamba anaweza kuambiwa na daktari apunguze uzito zaidi? Na akiambiwa hivyo, akubali au akatae?

Tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 46, mzaliwa wa Afrika Mashariki, ni dereva wa teksi na anaishi karibu na Coventry Road katika eneo la Small Heath. Urefu wake ni mita 1.70 na uzito wake ni kilo 68. Mikono ni myembamba, miguu ni myembamba, uso umechongoka. Ukimwona barabarani huwezi kumwita mnene hata kidogo, ila akikaa kwenye kiti cha gari shati linabana kidogo sehemu ya tumboni. Anapimwa damu na kuambiwa ana kisukari cha aina ya pili, kisha daktari anamshauri apunguze kilo saba.

Habari hiyo ikifika nyumbani, mke anashika kichwa. Mama mzazi aliyeko Tanga anapiga simu na kuuliza: "Mwanangu, hizo kilo saba utazitoa wapi? Unataka urudi kwetu mifupa mitupu?" Rafiki zake msikitini wanamwambia daktari hajui kazi, na kwamba dawa ya sukari ni kula vizuri upate nguvu.

Mfano huu tumeubuni, lakini mabishano ya aina hii yanajulikana katika familia nyingi zetu. Jambo linaloyafanya yawe mazito ni kwamba ushauri huohuo wa kupunguza kilo unaweza kumwokoa mwembamba mmoja macho na figo zake, na ukamuua mwembamba mwingine aliyekaa kiti cha pili katika chumba hichohicho cha kusubiri daktari.

Kukonda na aibu yake

Kwanza tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Kwetu, mtu akirudi likizo kutoka Uingereza akiwa na mashavu hupokewa kwa sifa: "Umenawiri, Ulaya imekukubali!" Akirudi amekonda, watu husalimia kwa sauti ya chini na kuuliza: "Mbona umekwisha hivyo, kuna nini?" Mke wa mtu aliyekonda husemwa kuwa hampikii mumewe. Huko pwani, bibi harusi aliyekuwa akiwekwa ndani kabla ya arusi alisingwa na kulishwa ili atoke aking'ara, na hakuna aliyetaka atoke kimbaumbau.

Juu ya desturi hizo likaja pigo la miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wananchi wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikiuzwa kwa magendo mpakani. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita Slim, yaani mwembamba. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliandika juu ya ugonjwa huo katika jarida la kitabibu la Lancet, na jina hilo la mitaani likaingia katika kichwa cha makala ya kisayansi. Kwa zaidi ya miaka ishirini tangu hapo, kabla ya dawa za kupunguza makali ya virusi kuenea, mtu aliyepungua kilo tano alianza kunong'onwa. Waliokulia katika miaka hiyo ndio leo wana umri wa miaka 45 hadi 60, umri ambao kisukari cha aina ya pili hujitokeza sana.

Kwa hiyo daktari kijana wa Birmingham anapomwambia mgonjwa wetu "punguza uzito", yeye anataja namba. Mgonjwa anasikia kitu kingine kabisa. Tunadhani madaktari wengi hawalijui jambo hili, na wagonjwa wengi hawalisemi.

Namba 23.5 ina maana gani?

Kipimo kinachotumiwa zaidi na madaktari ni BMI, yaani uzito wa mtu kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Dereva wetu mwenye kilo 68 na urefu wa mita 1.70 anapata 23.5. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Ukisimama hapo, dereva hana kosa lolote.

Hata hivyo ni vizuri kujua kipimo hiki kilitoka wapi. Hesabu yenyewe ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830. Huyu alikuwa mwanahesabu na mtakwimu aliyetaka kumjua mtu wa wastani, na hakuwa akitibu wagonjwa. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kutoka kwa Mmarekani Ancel Keys, aliyetafuta kipimo rahisi cha kulinganisha makundi makubwa ya watu. Mizani haijui kama kilo zako ni misuli, mifupa, maji au mafuta, wala haijui mafuta hayo yamekaa wapi.

Mfano mzuri kuliko yote tunaoufahamu ulitolewa mwaka 2004, tena katika jarida la Lancet. Wanasayansi wawili marafiki, John Yudkin wa London na Chittaranjan Yajnik wa mji wa Pune nchini India, walichapisha picha yao wakiwa wamesimama pamoja. Wote wawili walikuwa na BMI ya 22.3, na wote kwa macho walikuwa wembamba. Lakini walipopimwa kiasi cha mafuta mwilini, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik alikuwa na asilimia 21.2, zaidi ya mara mbili ya mwenzake.

Kwa Birmingham habari hii si ya mbali. Wapo hapa maelfu ya familia zenye asili ya India na Pakistan, na baadhi yao ni wenzetu kabisa kwa lugha. Ni wale waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwezi Agosti 1972 wakipewa siku 90 za kuondoka. Wazee wao bado wanazungumza Kiswahili cha Kisumu na cha Kampala.

Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Rishi Caleyachetty wa Chuo Kikuu cha Warwick, jirani yetu upande wa Coventry, walichambua kumbukumbu za afya za karibu watu milioni moja na nusu wa England. Waliona kwamba hatari ya kisukari ambayo mzungu huifikia akiwa na BMI ya 30, mtu mwenye asili ya Asia ya Kusini huifikia akiwa na 23.9. Kwa Mwarabu ni 26.6, kwa Mchina 26.9 na kwa mtu mweusi 28.1. Taasisi ya NICE, ambayo huwaandikia madaktari wa England miongozo ya tiba, inahesabu kwamba kwa watu wenye asili ya Asia, Mashariki ya Kati, Afrika na Karibiani uzito uliozidi unaanzia 23 na unene wa kupindukia unaanzia 27.5.

Msomaji makini atauliza: kama kwa mtu mweusi hatari ni 28.1, dereva wetu mwenye 23.5 amepataje kisukari? Swali ni zuri. BMI peke yake haiwezi kulijibu, na hapo ndipo tunapolazimika kwenda Newcastle, kaskazini ya nchi hii.

Ghala la mafuta

Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle amefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba kisukari cha aina ya pili, hasa kinapokuwa kichanga, kinaweza kutulizwa kwa kupunguza uzito. Utafiti wake mkubwa alioufanya pamoja na wenzake wa Glasgow, uitwao DiRECT, ulitangazwa mwaka 2017. Karibu nusu ya waliopewa mpango wa kupunguza uzito, asilimia 46, walikuwa hawana tena kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa. Lakini hao walikuwa watu wanene.

Je, wembamba? Mwaka 2015 Taylor na mwenzake Rury Holman wa Oxford walitoa fikra ambayo sisi tunaieleza hivi: kila mtu amezaliwa na ghala lake la kuwekea mafuta, nalo liko chini ya ngozi, mapajani, makalioni na mikononi. Mwingine ghala lake ni kubwa, hata akifika kilo 120 bado lina nafasi. Mwingine ghala lake ni dogo, na likijaa mafuta yanatafuta pa kwenda. Yanaingia kwenye ini, kisha yanafika kwenye kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini. Ini lililojaa mafuta linamwaga sukari ovyo kwenye damu, na kongosho lenye mafuta linachoka. Mtu huyo anapata kisukari akiwa na kilo 68, na majirani wanashangaa.

Ili kuijaribu fikra hiyo, Newcastle ilifanya utafiti uitwao ReTUNE, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023. Walichukuliwa watu 20 wenye kisukari cha aina ya pili ambao BMI zao zilikuwa chini ya 27, wastani wao ukiwa 24.8. Kwa wiki chache waliishi kwa supu na vinywaji maalumu vya kalori 800 kwa siku, wakapungua asilimia 5 ya uzito, wakapumzishwa kwa chakula cha kawaida kilichopimwa, na wale ambao sukari ilikuwa haijatulia walirudia tena, hadi mara tatu. Wastani wa BMI ulishuka hadi 22.5. Mafuta ya kwenye ini yalipungua sana, na watu 14 kati ya 20, yaani asilimia 70, sukari yao ilirudi chini ya kiwango cha kisukari bila kumeza dawa.

Watu 20 ni wachache, hilo lazima lisemwe. Tena ugonjwa hapa umelala, haujafa, na mtu akirudisha kilo alizozitoa unaamka. Lakini kwa mtu kama dereva wetu jambo hili ni kubwa. Kisukari kisichodhibitiwa kinapofusha macho, kinaua figo na kusababisha watu kukatwa miguu. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake atafika kilo 61 na BMI yake itakuwa 21 na kidogo, bado mbali na 18.5. Mama wa Tanga ataona mwanawe amekonda. Ini la mwanawe litakuwa limepumua.

Hapa pana kasoro ambayo sisi tunaiona ni ya haki kuisema. Huduma ya afya ya taifa, NHS, inao mpango wa nchi nzima ya England wa kutuliza kisukari cha aina ya pili, ambao unampa mgonjwa supu na vinywaji hivyo kwa wiki 12 pamoja na mshauri wa kumfuatilia. Lakini masharti yake ni kwamba mgonjwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65, awe amegunduliwa katika miaka 6 iliyopita, na BMI yake iwe 27 au zaidi, au 25 kwa mtu mwenye asili ya Afrika au Asia. Dereva wa 23.5 yuko nje ya mlango. Atabaki na daktari wake wa mtaa, na kama daktari huyo hana muda au hajasoma habari za Newcastle, mgonjwa ataandikiwa vidonge tu na kurudishwa nyumbani.

Mwembamba wa pili

Sasa tumgeukie yule wa kiti cha pili. Huyu naye ana mita 1.70, lakini uzito wake ni kilo 52 na BMI yake ni 18. Sukari yake iko juu kama ya dereva, pengine zaidi. Mwaka jana alikuwa na kilo 60. Anakunywa maji usiku kucha, anakwenda haja ndogo kila saa, na suruali inashuka. Mtu huyu akimsikia dereva akisimulia habari za supu za kalori 800 na kuamua kumwiga, anaweza kuishia katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Kukonda kwa namna hiyo, pamoja na kiu, ni dalili kwamba mwili unakosa insulini. Inaweza kuwa kisukari cha aina ya kwanza, ambacho wengi hudhani ni cha watoto tu, kumbe humpata hata mtu wa miaka 40 au 50. Dawa yake ni insulini, na haina mbadala. Asipoipata, damu yake inageuka kuwa na tindikali na anaweza kufa katika siku chache. Kutapika, pumzi nzito na harufu kama ya matunda yaliyoiva sana mdomoni ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo bila kungoja miadi.

Ipo na sura nyingine inayotuhusu zaidi sisi tuliotoka Afrika. Mwezi Aprili 2025, katika mkutano wake mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi kisukari cha aina ya tano, kinachotokana na utapiamlo wa utotoni. Ugonjwa huu si mgeni, kwani ulielezwa Jamaica mwaka 1955. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake mwaka 1985 na kuuondoa mwaka 1999 kwa maelezo kwamba ushahidi hautoshi. Sasa inakadiriwa kwamba watu milioni 20 hadi 25 wanao, wengi wakiwa Asia na Afrika. Hawa huwa wembamba sana, kongosho lao linatoa insulini kidogo, na kuwaambia wapunguze uzito ni kuwaongezea njaa juu ya njaa iliyowaletea ugonjwa.

Aidha, mwezi Julai 2025 ulichapishwa utafiti wa watu 894 kutoka Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, ambao walikuwa wamepata kisukari wakiwa bado vijana na kuhesabiwa kuwa ni wa aina ya kwanza. Takriban asilimia 65 kati yao hawakuwa na alama za damu zinazopatikana kwa kawaida katika ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba mwembamba wa Kiafrika mwenye kisukari anaweza kuwa na ugonjwa ambao vitabu vilivyoandikwa kwa kuwatazama wazungu havikuueleza vizuri. Daktari wa Birmingham anayemkisia kwa macho tu, ama kumpa jina la aina ya kwanza ama ya pili, anabahatisha. Vipo vipimo vya damu vya kusaidia, hasa kile cha C-peptide kinachoonyesha kongosho linatoa insulini kiasi gani, pamoja na kile cha kinga zinazoshambulia kongosho. Mgonjwa mwembamba ana kila sababu ya kuviulizia.

Na tusisahau kwamba si kila anayekonda ana kisukari. Mtu aliyepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anapaswa kuchunguzwa. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kilo tatu na nusu tu. Inaweza kuwa tezi ya shingoni, kifua kikuu, saratani, virusi vya Ukimwi, au huzuni ya kuishi mbali na watu wako. Anayefurahia kwamba nguo zake za zamani zimemkaa, ilhali hajui amepunguaje, anachelewesha uchunguzi.

Wakimbiaji na sindano

Wapo wasomaji wetu watakaosema: mbona wakimbiaji wetu wakondefu ndio wenye afya kuliko wote? Birmingham inawajua vizuri. Mwaka 2009 Mkenya Mary Keitany alitwaa hapa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni kwa wanawake, na katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022 medali za marathoni ya wanaume zilibaki Afrika Mashariki zote: Victor Kiplangat wa Uganda dhahabu, Alphonce Simbu wa Tanzania fedha, Michael Githae wa Kenya shaba. Eliud Kipchoge, ambaye hakuwapo, anatajwa kuwa na kilo 52 kwa urefu wa sentimita 167, BMI isiyofika 19.

Ni kweli, lakini wembamba wao umejengwa kwa kilomita nyingi kila wiki na kwa ugali wa kutosha. Hata miongoni mwao wapo wanaovuka mpaka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa jina maalumu mwaka 2014 upungufu wa nishati kwa wanamichezo, hali ambayo hedhi hukatika, mifupa hupata nyufa na mwili hushindwa kujitengeneza. Mwanamke mwembamba ambaye hedhi yake imekoma baada ya kujinyima chakula amekwishapata jibu la swali letu, awe mkimbiaji au asiwe.

Kuhusu sindano za kupunguza uzito, Wegovy na Mounjaro, ambazo siku hizi zinazungumzwa hadi kwenye sherehe za arusi, tutasema machache. Kwa ajili ya kupunguza uzito zimeidhinishwa Uingereza kwa mtu mwenye BMI ya 30, au 27 ikiwa ana ugonjwa unaohusiana na uzito. Baada ya wembamba kuzipata kwa kudanganya uzito wao katika fomu za intaneti, baraza linalosimamia wafamasia lilikaza masharti mwezi Februari 2025: muuzaji asitegemee maelezo ya mnunuzi pekee, ni lazima ahakikishe uzito kwa njia nyingine. Anayetaka kupunguza kilo mbili ili gauni limkae hana sababu ya kuzigusa. Na kama mawazo ya kupungua hayampi usingizi ingawa kila mtu anamwona amekonda, huenda huo ni ugonjwa wa kula, nao una tiba yake hapahapa.

Uzi wa cherehani

Basi mwembamba ajuaje yuko upande gani? Mwaka 2022 taasisi ya NICE ilitoa ushauri ambao kila nyumba inaweza kuutekeleza: kiuno chako kisifike nusu ya urefu wako. Chukua uzi wa cherehani, mwambie mwenzako aukate sawa na urefu wako kuanzia kisigino hadi utosi. Ukunje mara mbili. Uzungushe tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kwa kawaida. Usivute tumbo ndani, maana unajidanganya mwenyewe. Ncha zikikutana, tumbo liko sawa. Zisipokutana, unayo mafuta mahali pasipotakiwa hata kama mizani inakusifu. Dereva wetu mwenye sentimita 170 anatakiwa awe na kiuno chini ya 85. Tukisema ana 94, basi amejijua. Yule wa kilo 52 akiwa na kiuno cha 70, uzi utabaki na ziada.

Uzi hautoshi. Ikiwa sukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu viko sawa, kiuno kiko chini ya nusu ya urefu, na uzito haujabadilika kwa miaka, mwembamba huyo hana sababu ya kitabibu ya kupungua tena, na afadhali nguvu zake azielekeze kwenye misuli. Miongozo ya Uingereza inamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 za kutembea haraka au mfano wake. Kwa aliyevuka miaka 60 misuli ni akiba kubwa, na kupungua ovyo kunaila akiba hiyo kwanza.

Anayeamua kupungua kwa sababu ya kisukari asianze peke yake, hasa kama anatumia insulini, gliclazide au dawa za shinikizo la damu. Chakula kikipungua ghafla dawa hizo zinaweza kuishusha sukari au shinikizo hadi mtu akaanguka, na kwa dereva kuanguka ni kuanguka na abiria. Daktari anapaswa kupanga kwanza dawa zipi zipunguzwe. Vilevile mwenye selimundu au upungufu wa damu amkumbushe daktari, kwa sababu kipimo cha kawaida cha HbA1c kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi kwake.

Kwa wenzetu waliofika karibuni: kujiandikisha kwa daktari wa mtaa ni bure, na huhitaji kuonyesha hati za uhamiaji wala uthibitisho wa anwani. Mwenye umri wa miaka 40 hadi 74 ambaye hana kisukari wala ugonjwa wa moyo anastahili uchunguzi wa NHS kila miaka mitano, ambao unahusisha uzito, shinikizo na mafuta ya damu, na sukari pale inapohitajika. Wakati wa kuomba miadi unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Tunashauri umwombe hata kama Kiingereza chako kinatosha dukani, kwa sababu neno kama "umekwisha" halitafsiriki kirahisi, na daktari anahitaji kujua ni nani alikuambia hivyo, lini, na ulikuwa na kilo ngapi siku hiyo.